Majina Ndani ya Glasi za Kwaluguru

Mwanaidi binti Semboja alikuwa na kucha tisa za mikononi, na kila aliyemuuliza ya kumi ilikwenda wapi alipewa jibu lake. Watoto wa jirani waliambiwa imeliwa na kenge wa mto Pangani. Karani mmoja wa shamba la mkonge, aliyekuwa akipita kila Jumapili na kanzu iliyopigwa pasi kumtaka uchumba, aliambiwa kwamba ukoo wa Mwanaidi hutoza bwana harusi kucha moja, na kwamba hiyo yake aliitoa kwa heshima ili mume asione anaonewa. Karani aliondoka akiangalia vidole vyake, na Jumapili iliyofuata hakuonekana.

Ukweli ni kwamba kucha hiyo ilikwenda na kazi. Mwanaidi, akiwa ameachika na hana wa kumtegemea, aliingia kufagia duka la vioo la Bwana Karsan, Korogwe ya zamani, upande wa mtoni. Huko nyuma, kwenye kibanda kisicho na ukuta mmoja ili upepo upite, Karsan alikuwa akiandika juu ya vioo bila kalamu. Aliandika majina ya wenye maduka, maua ya vioo vya kabati, na “Mgeni njoo mwenyeji apone” kwenye vioo vya kujitazamia ambavyo watu wa Handeni walivipenda kupeleka ukweni. Alikuwa akikipaka kioo nta, anachora kwa msumari mpaka nta iachie, kisha anapitisha dawa. Palipo na nta pakabaki paking'aa, pasipo na nta pakaliwa pakawa na ukungu. Maandishi hayo unaweza kuyasugua kwa majivu na mchanga mpaka uzeeke, hayatoki.

Dawa hiyo jina lake la darasani ni haidrojeni floridi, na ikishachanganywa na maji mafundi huiita asidi ya kioo. Karsan aliiweka kwenye galoni ya plastiki.

“Asidi nyingine zote utazitia kwenye chupa ya kioo zikatulia,” alimwambia Mwanaidi. “Hii ukiitia humo, itakula nyumba yake kwanza, halafu itatoka kukutafuta wewe. Na hii ina maji. Ile kavu, isiyo na tone la maji, haingoji hata jiko. Joto la Korogwe saa nne asubuhi linatosha kuichemsha ikawa moshi, na moshi huo ukikuingia mapafuni, tutakuja kukusomea hitima.”

“Basi ni kali kuliko zote?”

“Wataalamu wanaihesabu katika asidi dhaifu.”

Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. “Basi na mama yangu ni mpole,” alisema.

Alianza kufagia kibanda hicho zaidi kuliko duka, na mwishowe Karsan akachoka kumfukuza akamfundisha. Kucha ilikwenda katika mwaka wa kwanza. Glavu ilikuwa na tundu, likapita tone asubuhi, na kwa kuwa halikuwasha wala halikuchoma, akalipangusa kwenye kanga akaendelea na kazi. Mchana kidole kilikuwa kizima. Alasiri, anatwanga kisamvu, maumivu yakaanzia ndani ya mfupa yakija nje. Ndivyo ilivyo asidi hii: haina ugomvi mkubwa na ngozi, inaipita tu bila hodi, ikaenda kutafuta chokaa iliyomo mwilini na kuishikilia. Hospitali walimchoma sindano za kalsiamu, wakakiokoa kidole, kucha wakaiaga. Tangu siku hiyo kibandani hakukukosa ndoo ya maji ya chokaa. Tone la asidi likiingia humo linapoa, linaacha unga mweupe usioyeyuka, na Mwanaidi alipenda kuutazama unga huo ukishuka, akiuona kama adui aliyelazwa.

Karsan alihama na familia yake miaka ya majumba kutaifishwa. Alimwachia Mwanaidi galoni, glavu mpya, mabonge ya nta na kuta tatu. Kufika mwaka wa sabini na tano hapakuwa na mtu wa Korogwe wala Handeni aliyetaka jina lake likae juu ya kioo asiende kwa Mwanaidi. Alikuwa anajitosheleza. Angekuwa na raha kamili kama mama yake angekuwa anazungumza naye.

Mama yake, Bibi Zamda, alikuwa Kwaluguru, katika kijiji cha ujamaa kilichokusanywa mwaka uliotangulia. Ugomvi ulitokana na glasi sita. Marehemu Semboja, baba yake Mwanaidi, alizinunua Korogwe wiki ile ya Uhuru, zikiwa na maua mekundu ambayo yalikwishafutika zamani kwa kuoshwa. Semboja alikuwa na wake wawili. Safari hiyo Zamda alipata glasi, na mke mdogo, Mwaija, alipata beseni. Mwaija hajakubali mpaka leo. Alisema mume wao alirudi usiku, amechoka, akachanganya vifurushi.

Sasa, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mdoe, alikuwa mtu mwenye moyo wa kazi na mikono isiyoachia. Kijiji kilipoanza alitangaza kwamba wageni wa serikali hawawezi kunyweshwa chai kwenye makopo, kwa hiyo kila mama alete glasi zake zitumike kwa pamoja. Mwanaidi alikuwa amekuja kwenye arobaini ya shangazi yake. Yeye ndiye aliyemsihi mama: “Toa, mama. Ni za kuazima tu. Zitarudi.” Zamda akatoa. Wageni wakaja, wakanywa, wakaondoka. Glasi zikaingia kwenye sanduku la Mdoe, sanduku likaingia uvunguni, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba hizo ni mali ya umma. Ila asubuhi, aliyepita nyuma ya nyumba alimwona umma akinywa maziwa peke yake.

Tangu hapo Zamda aliacha kumsemesha binti yake. Hakumfukuza, hakumnyima chakula. Alimkaribisha kwa kumsemesha kuku. “Wewe kuku,” angesema kwa yule tetea mweupe aliyeshinda jikoni, “muulize huyo mgeni kama amekula.” Chai yake aliinywa kwenye kopo la maziwa, na aliivuta kwa sauti ya kusikika barabarani. Mwanaidi, ambaye alikuwa hapungukiwi na jibu kwa mtu yeyote, alikaa mbele ya kuku huyo akaumia. Alikuwa anampenda mama yake, na kuitwa mgeni nyumbani kwa baba yake kulimchoma kuliko alivyotaka kuonyesha.

Ndipo Mdoe mwenyewe akamletea nafasi. Alituma salamu Korogwe: kinamama wameanza kudai glasi zao kwa kuonyesha alama, hili doa langu, hili doa lako. Maana kawaida ya huku, chombo kinachokwenda kwenye shughuli ya watu lazima kipakwe doa la rangi kitakoni, la sivyo kitarudi nyumba ya tatu. Zamda alitumia rangi nyekundu ya kucha. Mwaija alitumia kijani kilichobaki wakati wa kupaka mlango wa ofisi ya chama. Mama Hosiana, Msambaa aliyeolewa pale, mwenye glasi nzito kuliko zote, alitumia nyeupe. Mwenyekiti alitaka ugomvi wa madoa uishe kabla mgeni wa wilayani hajafika. Kila glasi iandikwe KIJIJI, kwa ile dawa isiyofutika.

Mwanaidi alipanda gari la Handeni, galoni imefungwa ndani ya kapu la maganda ya nazi. Kondakta akauliza ni nini. Akaambiwa ni dawa ya kuondoa jina la mtu kwenye moyo wa mwenziwe, na siti ya pembeni yake ikabaki wazi safari nzima.

Njiani alipanga. KIJIJI ataandika nje, kubwa, kama alivyoagizwa. Lakini ndani, chini kidogo ya mdomo wa glasi, ataandika kwa waya uliopindwa jina la mwenye glasi, halafu ataigusisha asidi kidogo sana na kuizamisha kwenye maji ya chokaa papo hapo. Kioo kilicholiwa kidogo namna hiyo hukioni hata ukikielekeza juani. Lakini mvuke ukipanda, ukungu unashika sehemu iliyoguswa tofauti na isiyoguswa, na maandishi yanatoka yenyewe. Mgeni atamiminiwa chai ya moto, asubuhi ya Julai, atainua glasi anywe, na mbele ya macho yake atasoma ZAMDA. Atauliza Zamda ni nani. Mdoe atajibu nini? Mwanaidi alicheka peke yake mpaka Kwaluguru.

Alifanyia kazi barazani kwa Mwenyekiti, upepo ukipita. Asubuhi nzima aliyeyusha nta na kuzamisha glasi moja moja, mdomo chini, ndani na nje, akiacha kitako tu ili doa la mwenyewe lionekane. Kinamama waliopita kuchungulia aliwanong'oneza siri: doa ndilo litakaloipa kila glasi jina la ndani. Glasi zikaganda zote nyeupe, nzito na nyepesi, za Uhuru na za juzi, hujui hii wala ile. Adhuhuri akaziacha zikauke chini ya ulinzi wa Mdoe, akaenda kuswali na kula kwa mama yake.

“Wewe kuku,” Zamda alisema, “mwambie mgeni mboga iko kwenye chungu. Mimi natoka kidogo kuazima chumvi.”

Chumvi ilikuwapo, kibuyu kizima, juu ya kinu. Mwanaidi aliiona, akala, asiulize.

Aliporudi barazani alimkuta Mdoe amelala kitini, na pembeni yake pana sahani tatu tupu za vyakula mbalimbali. Leo kinamama wamempenda Mwenyekiti, Mwanaidi aliwaza, akavaa glavu. Akapindua glasi moja baada ya nyingine. Doa jekundu, ZAMDA. Doa la kijani, MWAIJA. Jeupe, HOSIANA. Alishangaa kidogo kuona mekundu ni mengi kuliko alivyokumbuka, lakini moshi wa asidi si wa kukaa nao ukipiga hesabu. Alifanya kazi haraka, akiwa ameupa upepo kisogo, akaosha, akakwangua nta na madoa yote, akapanga mezani glasi safi zilizoandikwa KIJIJI. Mdoe alizisugua kwa kidole, kwa majivu, kisha kwa mchanga. Akaridhika.

Mgeni wa wilayani alikuja asubuhi yenye baridi, na kijiji kizima kikakaa uwanjani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeipenda hotuba na aliyeipenda chai zaidi. Mdoe alihutubia kuhusu umoja. Chai ya tangawizi ikamiminwa, ya moto hasa, kwa sababu Mwanaidi ndiye aliyejitolea kukaa jikoni. Mgeni akainua glasi. Akaishusha. Akaisogeza mbele ya macho.

“HOSIANA,” alisoma.

Katibu wake, pembeni, akachungulia ya kwake. “Yangu inasema ZAMDA.”

“Yangu MWAIJA,” alisema bwana shamba.

Mwanaidi alisimama mlangoni mwa jiko, kanga mdomoni. Alimwangalia Mdoe, ambaye uso wake ulikuwa umetua kabisa, hauendi mbele wala nyuma. Lakini mgeni hakukasirika, wala hakuuliza kwa nini mali ya kijiji ina majina ya watu. Alisimama akapiga makofi.

“Ndugu zangu! Nimezunguka wilaya nzima nikikagua madarasa ya watu wazima. Pengine wanaandika ubaoni, pengine wanaandika mchangani. Hapa kinamama wameandika majina yao ndani ya kioo! Ndugu Mwenyekiti, hongera sana.”

“Ahsante,” alisema Mdoe.

“Sasa nataka niwaone kwa macho. Kila mama nikisoma jina lake aje achukue glasi zake, mbele ya watu wote, aende nazo nyumbani.”

Hapo Mdoe alifungua mdomo, na makofi yakamfunga.

Mwanaidi alitaka kuruka. Ilikuwa imekwenda vizuri kuliko alivyopanga. Hosiana aliitwa, akapewa glasi nyembamba ambazo Mwanaidi hakuwahi kuziona kwake, akazipokea ameinamisha macho. Zamda akaitwa. Akapewa glasi nyingi, rundo zima, na zile nzito za Hosiana zote zikiwa humo. Zamda akazikumbatia, akarudi kukaa, hakumwangalia mtu. Mwanaidi aliikumbuka chumvi. Alizikumbuka sahani tatu pembeni ya kiti cha Mdoe. Basi ndivyo: kila mmoja alikuja kwa wakati wake na chakula cha Mwenyekiti na kichupa cha rangi, akakwangua doa la mwenzake, akapaka la kwake.

Kisha akaitwa Mwaija. Alitembea taratibu kama bibi harusi, akapewa glasi sita. Kwa kuwa nta ilikwishaondoka, zilijulikana: wembamba wa kiuno ule, na kijipovu kimoja ndani ya kitako cha kila moja. Zilikuwa zile za Semboja. Mwaija alizipokea kwa mikono miwili, akamwangalia mke mwenziwe ng'ambo ya uwanja, akatabasamu kama mtu aliyeletewa kifurushi chake baada ya miaka kumi na minne.

Mwanaidi aliona uso wa mama yake ukibadilika. Glasi za Zamda, alizomwambia azitoe, zilizopaswa kurudi, zilikuwa zinakwenda nyumba nyingine kwa makofi ya watu, na aliyeziandika jina ni yeye mwenyewe Mwanaidi, kwa mkono wake, kwa dawa isiyofutika. Kama mama atanyamaza, basi zimekwenda. Na mama yake atasema nini, naye amekumbatia glasi za watu?

Zamda alisimama.

“Ndugu mgeni,” alisema, “mimi ni mwizi.”

Aliliinua lile rundo ili watu walione.

“Hizi nilizoshika si zangu. Nilipaka doa langu juu ya madoa ya watu. Zangu anazo huyu Mwaija. Na yeye ni mwizi pia, lakini hilo atajisemea mwenyewe, ana mdomo.”

“Mimi nilirudisha tu kilichokuwa changu!” alipaza sauti Mwaija.

“Na mimi je?” alidakia Hosiana, naye tayari amesimama. “Basi na mimi ni mwizi, Mungu anisamehe, lakini mimi niliibiwa kwanza!”

Baada ya hapo haikuhitajika hotuba. Kinamama walikutana katikati ya uwanja, hii yako, hii yangu, lete hapa, wakicheka na kusukumana, na Zamda akazichukua sita zake kutoka mikononi mwa Mwaija moja baada ya moja, akihesabu vijipovu. Mgeni alicheka mpaka akashikiliwa na katibu. Alipopata pumzi aliuliza kama na Mwenyekiti ana glasi yake humo. Mdoe alisema hana. Aliletewa chai kwenye kopo.

Kwa hiyo kila mama alirudi nyumbani na glasi zake halali, ndani zimeandikwa jina la mwizi wake.

Jioni Zamda alichemsha chai. Aliimimina kwenye glasi ya Semboja, mvuke ukapanda, na pole pole, herufi moja baada ya nyingine, ikatoka MWAIJA. Aliisoma vizuri. Kwenye darasa la watu wazima yeye na Mwaija walikuwa wakikaa benchi moja.

“Wewe kuku,” alisema, “muulize fundi kama hiki kitu kinafutika.”

“Hakifutiki,” alisema Mwanaidi. “Mama, nisamehe. Nilidhani...”

“Kuku, mwambie akae.”

Alikaa. Nje kulisikika hodi, na Mwaija akaingia bila kungoja karibu, amejifunga kanga mpya.

“Nimesikia jina langu linapikiwa chai,” alisema. “Nikaona si adabu kulikosa.”

Zamda angeweza kumfukuza, na Mwanaidi alidhani atamfukuza. Lakini alisogeza kigoda kwa mguu, akamwambia, “Kaa, mwenzangu.” Kisha akamgeukia kuku. “Mwambie fundi alete dawa yake. Aandike na langu, humo humo, juu ya la huyu.”

“Juu kuna mdomo,” alisema Mwaija. “Utamfanya mtu anywe jina lako.”

“Basi pembeni.”

Mwanaidi alitoka nje na glasi moja, upande wa upepo, akavaa glavu. Alipaka nta, akashika waya, na safari hii hakuharakisha hata chembe. Alizungusha herufi, akazipamba kwa maua madogo kama yale mekundu yaliyokwishafutika, akaiacha asidi ikile kioo kidogo zaidi kuliko ilivyofanya kwa lile jina jingine, akazamisha kwenye maji ya chokaa, akaosha mara mbili, mara tatu. Akairudisha ndani. Mama akamimina chai, akampa mwenzake.

Mwaija aliishika kwa ncha za vidole, akasubiri mvuke. Majina yote mawili yakatoka, moja pembeni ya jingine. Alisoma lake, akasoma la Zamda, akalisoma tena, akanuna.

“Lako limeandikwa vizuri kuliko langu,” alisema.

“Mimi,” alisema Zamda, akiifikia birika, “ndiye mama wa fundi.”